UZI: Ekstensheni ya "surge" inakinga nini hasa, na inaachia nini kipite?

KambaMoto, Tororo

Mvua zimerudi na swali limerudi nazo: ninunue ekstensheni gani ya "surge" ili radi isiniunguzie TV? Nimefungua uzi huu kwa sababu jibu si jina la kampuni. Ekstensheni ile inatibu ugonjwa mmoja, na huku kwetu vyombo vinakufa kwa magonjwa kadhaa.

Ndani yake, kama ni ya kweli, kuna varista. Ni kisahani cha oksidi ya zinki, mara nyingi cha buluu, kinachofungwa kati ya laivu (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudishia). Umeme ukiwa wa kawaida kinakaa kama hakipo. Voltiji ikiruka ghafla kinafunguka, kinauvuta ule mkondo upite kwake badala ya kwenda kwenye TV, halafu kinajifunga tena. Maandishi yake yanasomeka hivi: 14D431K ni kipenyo cha milimita 14, na kinaanza kupitisha karibu na volti 430 (43 na sifuri moja). Hicho kimetengenezwa kwa umeme wa kudumu usiozidi volti 275. Ukikuta 14D471K, hicho ni cha volti 300.

Sasa mruko wenyewe, yaani hiyo "surge". Tunaongelea sehemu za milioni za sekunde. Maabara wanapima kwa wimbi la 8/20: mkondo unapanda kwa maikrosekunde 8 na unashuka hadi nusu ikifika ya 20. Varista ya milimita 14 inavumilia pigo moja la hivyo la ampea 4,500 hivi, ya milimita 20 ampea 6,500 hivi. Ikiwa inapitisha ampea 50, ile ya 14D431K inaibana voltiji kwenye 710 hivi. Utasema 710 si bado ni nyingi? Ni nyingi kwa sekunde nzima, lakini kwa kufumba na kufumbua huko vyombo vya kawaida vya nyumbani hujengwa kuvumilia hadi volti 2,500, na vile laini zaidi 1,500. Hapo kinga imefanya kazi yake na hakuna wa kuibishia.

Inaposhindwa ni pale voltiji inapopanda na *kukaa* juu. Watu wa laini waje waseme.

NyutroImelegea, Kasese

Nimekuja. Kinachoua TV tatu na friji mbili za jirani kwa dakika moja mara nyingi si radi. Ni nyutro iliyokatika kwenye nguzo.

Transfoma ya mtaa inatoa fezi tatu, yaani waya tatu za moto, na kati ya fezi na fezi kuna volti 415. Nyumba yako inachukua fezi moja na nyutro, ndiyo unapata 240. Nyutro ya pamoja ikikatika au kiungo chake kikiliwa na kutu, nyumba za fezi tofauti zinabaki zimeungana kwa mfuatano kwenye zile 415, na zinagawana kwa kadiri ya mizigo yao. Chukua nyumba A imewasha birika la wati 2,000: ukinzani wake ni ohmu 28.8. Nyumba B ina TV na taa, jumla wati 100: ohmu 576. Piga hesabu. B inapata volti 395. A inabaki na 20, birika halichemki na mwenyewe anadhani umeme umepungua tu.

Angalieni jambo moja hapo: aliyeunguliwa ni yule mwenye mzigo mdogo. Ndiyo maana mtu anasema "sikuwa nimewasha chochote kikubwa" na kila kitu kimekufa.

Dalili ni taa za nyumba moja kung'aa kupita kiasi na za jirani kufifia, zikipishana kila mtu anapowasha kitu. Ukiona hivyo usihangaike na plagi moja moja. Zima swichi kuu, kisha piga simu UEDCL, wasambazaji wa umeme. Na msichanganye: nyutro ikikatika kwenye waya unaoingia nyumbani kwako peke yako, fezi moja, hupati 395. Unakosa umeme tu, ingawa nyutro ya ndani inaweza kuwa hai na kukurusha, kwa hiyo bado si ya kuchezea.

kijana_malaba

Wakubwa, sasa hiyo varista ikikutana na 395 inafanyaje? Si ndiyo kazi yake?

KambaMoto, Tororo

Inajaribu, na ndipo inapokufa. Volti 395 ina kilele cha karibu 560, kwa hiyo varista inafunguka mara 100 kila sekunde, bila kupumzika. Ya milimita 20 inaweza kutupa joto la wati 1 hivi mfululizo, ya 14 wati 0.6. Hapo inapewa nyingi mno kuliko hizo. Inapasuka au inawaka.

Kwa hiyo tazameni hiki kabla ya kitu kingine: je, varista imegusana na fyuzi ya joto? Ni kijibomba kidogo kinachobanwa kwenye varista, mara nyingi vyote viwili vimevishwa mpira mmoja unaosinyaa. Varista ikichemka, fyuzi inakata. Isipokuwepo, plastiki ndiyo inayoshika moto, na ekstensheni nyingi zinakaa nyuma ya kochi juu ya zulia.

DadaMegger, Entebbe

Naongeza upande wa TV yenyewe, kwa sababu mafundi wengi wanabadilisha fyuzi na kurudisha chombo bila kueleza. Ubao wa umeme wa TV nyingi una kapasita kubwa ya volti 400 au 450. Umeme ukinyooshwa, voltiji ya kapasita ni ya ukutani mara 1.414. Kwenye 264, ambayo ndiyo mwisho wa vyombo vingi, kapasita inaona 373. Ikipanda 300 na kukaa, inaona 424, na ile ya 400 inavimba kichwa. Hakuna ekstensheni ya varista itakayozuia hilo, kwa kuwa 300 ya kudumu haijafika hata mahali varista nyingi zinapoanza kubana sawasawa.

Na TV hiyo tayari ina varista yake ndogo karibu na fyuzi. Ukikuta fyuzi imekatika na kioo chake kimekuwa cheusi, tazama kisahani kilicho jirani. Kikiwa kimepasuka, kilijitoa mhanga. Kitoe, weka cha aina ileile na fyuzi ya kiwango kilekile, lakini pima kwanza daraja la daiodi na transista kuu kabla ya kuwasha. Anayekata varista na kuwasha bila kuirudisha amekuachia TV isiyo na kinga.

Kuhusu kupima ekstensheni: mita ya kawaida haikuambii kitu cha maana. Chomoa ukutani, toa vyombo vyote, pima ohmu kati ya laivu na nyutro. Ikisoma karibu na sifuri, varista imeshaungana, tupa. Isiposoma kitu, kuna mawili: ni nzima, au haipo kabisa. Anayetaka uhakika atumie mega (kipimo cha fundi cha kupimia uzima wa waya kwa voltiji ya juu) ya volti 500 yenye kuonyesha voltiji. Ekstensheni iwe haina chombo hata kimoja na swichi yake iwashwe. Penye varista ya 431, mega haitafika 500, itakwama karibu na 430. Penye 471 itakwama jirani na 470. Ikipanda hadi 500 na zaidi bila kukwama, umenunua swichi yenye taa nyekundu.

Bila mega, tumia bisibisi. Chini kuna skurubu nne hadi sita. Zile bandia ukifungua unakuta vipande viwili vya shaba, swichi na kitaa cha neoni. Neno "surge" liko kwenye kasha tu.

kijana_malaba

Dada, kuna zinazoandikwa jouli 900, nyingine 2,000, nyingine "chini ya nanosekunde 1". Nitazame ipi?

DadaMegger, Entebbe

Nanosekunde iache. Varista yoyote ni ya haraka kuliko mruko unaofika ukutani, kwa hiyo hilo ni la kuuzia. Jouli zinasaidia kulinganisha kidogo, lakini watengenezaji hawazihesabu kwa njia moja: mwingine anajumlisha varista tatu ambazo hazitapigwa kwa pamoja. Mimi ningetazama kama imeandikwa voltiji inayobana, kama inakinga njia tatu (laivu na nyutro, laivu na ethi yaani waya wa ardhini, nyutro na ethi), na kama ina taa ya pili inayosema kinga bado ipo. Varista inachakaa kwa kila pigo. Ekstensheni inaendelea kutoa umeme vizuri huku kinga imekufa kitambo, na bila taa hiyo hujui.

Halafu tazama pini ya juu ya plagi, ile ndefu. Ikiwa ni ya plastiki, au plagi ina pini mbili, ekstensheni haina ethi. Njia mbili kati ya tatu zimekufa papo hapo.

MzeeWaBodi, Masaka

Mnazunguka mbuyu, wanangu. Kinga inaanza kwenye bodi, lile boksi la swichi kuu na brekari, mlangoni mwa umeme; ya ukutani inakuja baadaye. Mruko ukishaingia kwenye waya za chumbani unaruka kutoka waya hadi waya.

Kinachofungwa bodini ni kinga ya daraja la 2, ya kupachika kwenye reli ya ndani ya bodi. Tafuta ya ampea 20,000 za kawaida na 40,000 za juu kabisa, ibane kwenye volti 1,500 au chini. Ile ya ukutani ni daraja la 3, na imekusudiwa kumalizia mabaki yaliyopita kwenye hiyo ya bodini. Ukiiweka ya ukutani peke yake unaipa kazi ya kaka yake. Na chombo kikiwa mbali na bodi zaidi ya mita 10 za waya, voltiji inaweza kupanda tena njiani, hapo ndipo ya ukutani ina maana kubwa.

Sasa makosa. Ukitoka laivu hadi kwenye kinga, na kutoka kinga hadi upau wa ethi, jumla ya waya isizidi sentimita 50. Kila mita moja inaongeza volti 1,000 hivi mruko unapopita kwa kasi. Nimeona picha humu humu: kinga ya volti 1,500, imefungwa kwa mita mbili za waya zilizosokotwa vizuri kama nywele. Hiyo sasa ni kinga ya 3,500. Waya wa ethi uwe milimita za mraba 6 au zaidi, unyooke, usizungushwe. Mbele ya kinga weka brekari ya kiwango alichoandika mtengenezaji. Kidirisha cha kinga kikigeuka kutoka kijani kuwa chekundu, badilisha kipande chake.

Ethi yenyewe: fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, mita 1.2, imepigwa ardhini yote. Lengo la kinga ya radi ni ohmu 10 au chini. Kwenye udongo wa muramu kavu fimbo moja mara nyingi haifiki. Ongeza ya pili, umbali usiopungua urefu wa fimbo, vizuri zaidi mara mbili yake, uziunge. Msimwage chumvi. Inapunguza ohmu msimu mmoja, mvua inaiosha, na fimbo imeshaliwa.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme Uganda. Waya unaotoka kwenye mita kabla ya swichi kuu hauna cha kuuzima ndani ya nyumba.

NyutroImelegea, Kasese

Mzee shikamoo. Hapo nakubali, isipokuwa jambo moja: hukutaja voltiji ya kudumu ya hiyo kinga. Nyingi zinauzwa za 275. Mtaa wenye nyutro mbovu, 275 inachemka na kukata siku ya kwanza ya matata. Mimi naweka ya 385.

MzeeWaBodi, Masaka

Marahaba. Ya 385 inaishi, lakini inabana juu zaidi, mara nyingi 1,800 badala ya 1,500 au 1,300. Unaokoa kinga na kumwachia TV sehemu ya pigo.

NyutroImelegea, Kasese

Ndiyo, mzee, ila 1,800 bado ni chini ya 2,500 ya friji na TV, na mabaki yanamaliziwa na ile ya ukutani. Kinga iliyokata haibani kitu, na nyumba ngapi kuna mtu anayefungua bodi kuangalia rangi ya kidirisha? Mjini kwenye laini nzuri, 275 sawa. Mwisho wa laini, kijijini, nguzo za mbao na viungo vya kusokota, 385.

MzeeWaBodi, Masaka

Kwa mwisho wa laini sikupingi. Mjini nabaki na yangu.

kijana_malaba

Na hizo 395 za kudumu nani anazizuia basi?

NyutroImelegea, Kasese

Rilei ya voltiji. Haibani, inakata. Kuna za aina mbili madukani. Kwanza za kuchomeka: friji gadi, TV gadi. Pili za kufunga baada ya swichi kuu: Sollatek wana AVS30 ya ampea 30, na kuna zile za kidijitali za reli, ampea 40 au 63, zenye namba zinazowaka. Hizi za kidijitali mara nyingi zinakuja zimewekwa kukata juu kwenye 270 na chini kwenye 170. Usiziache hivyo. Weka 260 juu, 190 chini, na ucheleweshaji wa sekunde 180 kabla ya kurudisha. Mahali ambapo jioni umeme unashuka 185 kila siku, utalazimika kushusha hadi 180, la sivyo nyumba itakuwa gizani saa za chakula.

Zile sekunde 180 ni za friji. Kompresa ikizimika, gesi upande mmoja bado ina shinikizo. Umeme ukirudi baada ya sekunde 10 mota inashindwa kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa na kuchemka hadi kikata-joto kiitoe. Ikirudiwarudiwa, waya za ndani zinaungua. Umeme wa chini unafanya vilevile. Ekstensheni ya "surge" haina habari na yote hayo: kwenye volti 160 inakaa imewasha taa yake.

Rilei nayo ina udhaifu. Inachelewa, sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na mruko wa radi unakuwa umepita na kwenda zake. Ndiyo maana havibadilishani. Bodini, kinga ya mruko ifungwe kabla ya rilei, ili nayo ilindwe.

Mpangaji_Gulu

Sisi tuliopanga, bodi ni ya mwenye nyumba na imefungwa kufuli. Tufanyeje na TV, dikoda, ruta na friji?

DadaMegger, Entebbe

Friji iende moja kwa moja ukutani kupitia friji gadi yake, bila ekstensheni. TV, dikoda na ruta: chomeka TV gadi ukutani, kisha ekstensheni ya kinga ndani ya gadi. Mpangilio una sababu. Voltiji ikipanda na kukaa, gadi inakata na varista za ekstensheni zinapumzika badala ya kuungua. Soma ampea za gadi. Nyingi za TV ni ndogo, kwa hiyo pasi na birika visiguse hapo.

Waya wa ekstensheni usiwe chini ya milimita za mraba 1.25 kama plagi ina fyuzi ya ampea 13, na vitu vya joto viende kwenye soketi yao. Pima pia ethi ya soketi kwa mita: laivu na ethi isome karibu sawa na laivu na nyutro. Ikisoma 90 au inayumbayumba, hakuna ethi, mwambie mwenye nyumba. Kubana laivu na nyutro bado kutafanya kazi, kwa hiyo si hasara yote.

KambaMoto, Tororo

Mmesahau dishi! Mruko hauji kwa waya wa umeme peke yake. Dishi liko juu ya paa, waya wake unaingia kwenye dikoda, dikoda imeungwa na TV kwa HDMI, ule waya wa picha na sauti. Radi ikipiga mti wa jirani, ardhi ya hapo inapanda voltiji na ile ya bodi haipandi sawa, tofauti inapitia kwenye hiyo HDMI. Matokeo yake TV inawaka vizuri, umeme ni mzima, ila milango ya HDMI imekufa. Ekstensheni haikuhusika kabisa, mruko haukupita kwake.

Nguzo ya dishi iungwe na ethi *ileile* ya nyumba, kwa waya mnene. Kuipigia fimbo yake ya pekee bila kuiunga na ya nyumba kunazidisha ile tofauti ninayoisema. Waya wa mtandao unaotoka nyumba moja hadi nyingine, vilevile. Ukiweza tumia nyuzi za kioo kati ya majengo, au redio.

Na pigo la moja kwa moja juu ya paa au nguzo yako halizuiwi na kitu cha plagi. Chomoa plagi *na* waya wa dishi wingu likiwa bado mbali. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi: mara nyingi inakata laivu tu, na nafasi ya ndani ya swichi ni milimita chache. Ngurumo zikishafika juu ya nyumba, usiende kushika waya. TV inanunuliwa.

Mpangaji_Gulu

Asanteni sana. La mwisho: kuna ekstensheni imeletwa kutoka Marekani, nzito, ya chuma, imeandikwa jouli 3,000. Nikitafuta adapta ya plagi?

DadaMegger, Entebbe

Hapana nyabo (mama), au ssebo (bwana), sijui. Ile ni ya volti 120. Varista zake kwa kawaida ni za volti 130 au 150 za kudumu. Ukichomeka kwenye 240 zinafunguka saa hiyohiyo, na adapta haipunguzi voltiji, inabadilisha umbo la pini tu. Kama unaitaka kwa ajili ya lile kasha la chuma, fungua, toa varista zote, weka 20D471K tatu zenye fyuzi za joto, na hakikisha swichi yake imeandikwa 250. Soketi zake lakini zitabaki za Kimarekani.